Shukrani kwa baba aliyenisaidia Ndosho

Kwako baba uliyesimama kunisaidia mtaani Ndosho, kando ya barabara ya Sake, hapa Goma, Jumamosi iliyopita: uliondoka nikiwa bado ninanawa mikono, wala sikupata kukuuliza jina, ndiyo maana ninakushukuru hadharani.

Corolla yangu ya mwaka 1997, niliyoinunua kwa akiba ndogo, ilikuwa imekataa kuwaka, na watu wawili walikwisha kuniambia kwamba betri imekufa. Wewe uliinama, ukanionyesha unga wa kijani uliojaa kwenye vichwa vya betri, ukafungua waya wa hasi kwanza ili spana isije ikagusa bodi na kutoa cheche, ukaosha kwa maji ya moto yenye magadi, ukasugua kwa mswaki mkuukuu mpaka vichwa hivyo vikang'aa, kisha ukapaka grisi na kuurudisha waya wa hasi mwisho. Gari liliwaka papo hapo.

Ungeweza kwenda zako. Badala yake uliuliza kwa nini ndani kuna uvundo, ukapitisha kijiwaya katika matundu madogo chini ya mlango, na maji meusi yenye vumbi letu la volkano yakamwagika miguuni mwetu. Kumbe mvua ilikuwa ikituama humo na kulowesha zulia!

Ulikataa pesa, ukapokea chupa ya maji tu. Zulia nimelianika siku mbili, na harufu imekwisha kabisa. Asante sana, baba.