Ushauri wa watafiti wa nishati upelekwe bungeni, na Serikali iujibu kwa maandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Dodoma tuna sababu ya pekee ya kulisemea, kwa kuwa Bunge, wizara na chuo kikuu kikubwa vyote viko hapa kwetu. Jambo lenyewe ni nafasi ya watafiti wa nishati wa vyuo vikuu vyetu katika kuandaa sera za kupunguza hewa ukaa. Kwa maoni yangu kazi yao inatumika, lakini kwa kubahatisha: mtafiti anayefahamiana na afisa wa wizara husomwa, na asiyefahamiana naye hubaki na ripoti yake kabatini. Ninachoomba ni utaratibu wa kisheria utakaoitaka Serikali iombe ushauri huo, iupokee mbele ya Bunge na iujibu kwa maandishi.

Ahadi tulizokwishatoa ni kubwa. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Katika nchi ambayo kaya nyingi bado zinapikia kuni na mkaa, sehemu kubwa ya hesabu ya hewa ukaa iko jikoni na msituni, na hesabu ya jikoni ni ngumu kuliko ya mtambo wa umeme ambao una mita yake.

Nenda leo katika nyumba yoyote ya kupanga pale Nkuhungu au Chang'ombe. Utakuta mtungi mdogo wa gesi umesimama pembeni ya mlango, na uani jiko la mkaa linawaka. Mama wa nyumba atakueleza kwamba gesi ni ya chai ya asubuhi na ya kupasha kiporo. Maharage na makande huchemshwa kwa mkaa, kwa sababu hukaa motoni muda mrefu, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi hana fedha ya kuujaza kwa mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo. Ripoti itakayomhesabu mama huyu kuwa amehamia nishati safi itakuwa imekosea, na itakayomhesabu kuwa hajahamia nayo itakuwa imekosea. Anayeweza kusema ukweli wake ni mtafiti aliyekaa naye, akaandika kila chungu kimepikwa na nini, kwa muda gani na kwa gharama gani.

Kazi ya namna hiyo imeshafanyika nchini. Shirika la nishati endelevu la TaTEDO, likishirikiana na MECS, mpango wa utafiti wa upishi wa kisasa unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza, liliziomba kaya za Dar es Salaam ziandike kila siku zilichopika na nishati zilizotumia, na ilibainika kuwa jiko la presha la umeme hutumia umeme kidogo zaidi kuliko jiko la umeme la kawaida kwa vyakula vinavyochemka muda mrefu, yaani vile vile ambavyo mama wa Nkuhungu anavipeleka kwenye mkaa. Matokeo hayo yana uzito kwa mtunga sera anayeamua fedha ya ruzuku iende kwenye mitungi au kwenye majiko ya umeme. Hata hivyo, Dar es Salaam haiwezi kutujibia maswali ya wilaya zetu za Bahi na Chamwino, ambako ugali ni wa uwele na mtama na kuni huokotwa bila kununuliwa. Maswali hayo yanakihusu zaidi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na ningependa kuona yanapewa fedha za ndani kupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa sababu mfadhili wa nje ana haki ya kuchagua swali linalomvutia yeye.

Mfano wa Mtera, bwawa la umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu, unanigusa zaidi. Miaka ambayo maji ya bwawa lile yalipungua na umeme ukawa wa mgao, lawama nyingi ziliwaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, bonde ambalo mto huo hulipitia kabla ya kufika Mtera. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza, walipima maji ya bonde hilo. Walieleza kwamba kukauka kwa Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi na upungufu wa Mtera ni mambo mawili ya kutenganishwa, kwa kuwa bwawa hujazwa hasa na maji ya msimu wa mvua, na kwamba namna mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa ilikuwa na sehemu yake katika tatizo. Wafugaji waliondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006. Sidai kwamba hapakuwa na sababu nyingine za kuwaondoa. Nasema mwananchi alistahili kusoma mahali pamoja ushauri wa watafiti na jibu la Serikali. Leo maji ya mto huo huo yanakwenda pia Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na treni ya umeme inayotuleta Dodoma kutoka Dar es Salaam ni safi kwa kadiri umeme wake ulivyo safi. Mabwawa yakikauka, tunarudi kwenye gesi na mafuta.

Wako waliojenga utaratibu huo. Mwaka 2006 Baraza la Mawaziri la Afrika Kusini liliagiza ufanyike utafiti wa njia za muda mrefu za kupunguza gesi joto, na hesabu zikafanywa na kituo cha utafiti wa nishati cha Chuo Kikuu cha Cape Town. Watafiti hawakujifungia: maofisa wa Serikali, wenye viwanda, vyama vya wafanyakazi na asasi za kiraia walikaa meza moja nao, wakazibishia takwimu kabla hazijawa hitimisho. Baraza liliyapokea matokeo mwaka 2008, na ahadi ambayo nchi hiyo ilikwenda nayo kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 ilijengwa juu yake. Makaa ya mawe bado yanatawala umeme wao, kwa hiyo utafiti peke yake haukuwatosha. Lakini raia wao anajua ahadi ilitoka wapi, na anaweza kuidai.

Uingereza ilikwenda mbele zaidi kwa sheria ya mwaka 2008. Kamati huru, ambayo wajumbe wake kadhaa hutoka vyuo vikuu, hutoa taarifa bungeni kila mwaka kuhusu mwenendo wa kupunguza hewa ukaa, na Serikali inabanwa na sheria kuijibu. Inaweza kukataa ushauri, lakini haiwezi kuunyamazia.

Wapo watakaosema kwamba wizara ina wataalamu wake, na panapopungua huletwa washauri wa nje, kama ilivyokuwa kwa mpango kabambe wa umeme wa mwaka 2016 ulioandaliwa kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani. Sina ugomvi na msaada huo. Lakini mshauri akimaliza mkataba huondoka na ujuzi wake, wakati mhadhiri wa UDOM atakuwepo mwaka wa kumi wa mkakati, akifundisha vijana watakaoajiriwa na TANESCO, na REA ya nishati vijijini, na EWURA inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Watafiti nao wana wajibu wao. Mbunge wetu anajadili bajeti kwa Kiswahili, akiwa na siku chache za kusoma makabrasha mengi. Ripoti ya kurasa mia mbili za Kiingereza haimsaidii. Kurasa nne za Kiswahili, zinazosema pia wapi takwimu ni thabiti na wapi ni makadirio, zitamsaidia.

Hatua ya kwanza haihitaji kusubiri sheria. Kabla ya bajeti ijayo ya Wizara ya Nishati, kamati ya Bunge inayosimamia nishati iviandikie vyuo vikuu vya Dodoma, Dar es Salaam, Sokoine na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iombe maoni yao kuhusu utekelezaji wa mkakati wa nishati safi ya kupikia, iyaweke wazi kwa umma, na Waziri ayajibu hoja kwa hoja katika hotuba yake.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma