Barua kwa mwanangu Salim: meno ya papa barabarani

Utrecht, Uholanzi

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mama yako mdogo anawasalimu nyote, na bibi mwambie mafuta yake ya miguu nimeyapata.

Jana asubuhi nilisimama karibu na shule ya mtaa huu, na tangu hapo nakuwaza wewe tu. Watoto walikuwa wakija na baiskeli, kundi kwa kundi. Kabinti kamoja, miaka saba hivi, kalinyoosha mkono wa kushoto kakakata kona mbele ya lori la mchanga. Nikapiga ukelele, "Mama wee!" Kumbe lori lilishasimama zamani. Dereva katulia, mikono juu ya usukani, anasubiri wapite wote.

Nikamuuliza mama yako mdogo, amejuaje? Akanionyesha chini. Kwenye lami wamechora pembetatu nyeupe, safu moja, ncha zinamtazama dereva. Wenyewe wanaziita meno ya papa. Ukiona meno yamekuelekea, wewe ndiye wa kusubiri. Na papa sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa.

Baiskeli zina njia yake ya lami nyekundu, na taa zake za kuongozea. Pale kituo cha treni yapo maegesho ya baiskeli 12,500, ghorofa tatu.

Lakini Tanga nako baiskeli tunazo. Babu yako alikwenda kazini miaka yote kwa hiyo hiyo Phoenix unayoipanda, na Ngamiani ni tambarare tupu, mtoto mdogo anaimudu. Tatizo ni pa kupita. Pembeni mwa lami ni mchanga. Ukiukwepa unaingia kwenye bajaji, ukiikwepa bajaji unarudi mchangani.

Ndiyo maana nataka uniwie radhi. Siku ile ulipoangushwa pale kona, ukarudi goti limechunika, ringi imepinda, cheni umeishika mkononi, nilikugombeza. Nikasema huna macho. Macho unayo, mwanangu. Mkono uliunyoosha kama nilivyokufundisha, ila pale hapakuwa na chochote cha kumwambia dereva asimame.

Na hawa Waholanzi hawakuanza hivi. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakatoka na watoto wao, wakaandamana, wakafunga mitaa. Kampeni yao wakaiita Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto. Mwishoni mwa 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ikazuia magari siku za Jumapili, watu wakapita na baiskeli katikati ya barabara kuu. Njia hizi ninazoziona leo zilidaiwa, zikajengwa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Nimekununulia taa ya mbele na ya nyuma. Mpaka nifike, magharibi ikiingia baiskeli iwe ndani. Na nina kazi nakutuma. Jumatatu wahi kutoka, simama na mjomba wako pale kona, uhesabu watoto wanaovuka kwenda shule: wa miguu mbali, wa baiskeli mbali. Andika kwenye daftari. Nikirudi tutalipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, pamoja na picha za meno ya papa nilizopiga.

Mama yako