Upole wa mtawala nao ni sehemu ya mamlaka yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie filamu zinazowaonyesha watawala wakubwa wakiwa faraghani, wakila, wakiugua, wakitaniana na wasaidizi wao. Wapo wanaolaumu kwamba filamu hizo huwatakasa wakatili, na wapo wanaozisifu kwa kutukumbusha kuwa hata mkatili ni mtu. Naona pande zote mbili zimesahau kwamba upole wa mtawala mara nyingi ni chombo chake cha kazi.

Filamu ya Downfall ya mwaka 2004, ambamo Bruno Ganz aliigiza nafasi ya Hitler katika siku zake za mwisho, ililaumiwa sana kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba tunamwona akizungumza kwa upole na katibu wake kijana, mkono wake ukitetemeka nyuma ya mgongo. Lakini mtu huyohuyo, katika handaki lilelile, anakataa kuwahurumia raia wa Berlin. Tungeonyeshwa zimwi tupu, tungetoka ukumbini tukiamini kwamba sisi tusingeweza kamwe kumfuata. Filamu yenyewe inamalizika kwa maneno ya katibu wa kweli, Traudl Junge, akiwa mzee, anayekiri kwamba ujana wake haukuwa kisingizio. Sioni utakaso hapo.

Idi Amin aliujua mchezo huu kuliko waongozaji wengi. Mwaka 1974 alimruhusu mwongozaji Barbet Schroeder amrekodi kwa ajili ya filamu ya hali halisi, akacheka, akapiga kodiani, akajionyesha kuwa mtu wa watu. Na filamu ilipotoka na vipande visivyompendeza, aliwazuilia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka vikakatwa. Kicheko kile kilikuwa na mlinzi mlangoni. Forest Whitaker, aliyepata Oscar kwa kumwigiza Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, alikielewa vizuri: tunavutwa kwanza, ndipo tunaogopa. Lawama yangu kwa filamu hiyo ni nyingine. Tunamtazama Amin kupitia macho ya daktari wa Kiskoti ambaye ni mhusika wa kubuni, na hofu ya daktari huyo tunaijua kwa undani kuliko ya raia wa Uganda walioishi chini ya utawala ule tangu 1971 hadi 1979. Mtawala amepewa ubinadamu, mgeni amepewa, wenye nchi wamebaki pembeni.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, ni ubinadamu wa kutungwa. Katika Darkest Hour ya mwaka 2017, Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, anapanda treni ya chini ya ardhi, anawauliza abiria kama wako tayari kupigana, kisha anarudi kazini akiwa ametiwa moyo. Safari hiyo haikutokea. Mwezi Mei 1940 suala la kuendelea kupigana na Ujerumani au kutafuta suluhu lilibishaniwa kwa siku kadhaa na mawaziri wachache katika vyumba vilivyofungwa, na ubishi ule, kwa maoni yangu, ungetuonyesha mtu halisi kuliko machozi ya kwenye treni.

Kwa hiyo ningewaomba wahakiki wa gazeti lako, kila wanapoisifu filamu ya aina hii kwa kugusa mioyo, watueleze pia ni tukio lipi lililotokea na ni lipi mwandishi amelibuni.

Msomaji wako wa siku nyingi