Mama, mwambie Bibi aniandikie kadi kwa mkono wake

Leicester, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa Bibi. Mimi sijambo, alhamdulillahi, saumu nazifunga na kazi naiweza. Hofu yangu ni nyinyi huko Chake Chake, Pemba.

Ndani ya bahasha hii mna kadi za Idi. Ile ya kijani ni ya Bibi, yenye mwezi na taa ni ya Ami. Zilizobaki wape halati, dada zako, na watoto, kila moja nimeitia jina. Najua utauliza kadi za nini na simu ipo. Simu nitapiga inshallah mkishatoka kuswali, lakini hili la kadi limenikaa moyoni.

Watu wa huku huandikiana kadi kwa kila jambo. Mtu kajifungua, kadi. Kahama nyumba, kadi. Kafiwa, kadi. Ukifika Disemba ndiyo basi tena: jirani anavuka njia, anatumbukiza kadi kwenye tundu la mlango, anarudi kwake bila kupiga hodi. Mwanzo nilihuzunika kuliona hilo, maana kwetu Idi ni miguu. Watu wakitoka kuswali hupita nyumba kwa nyumba, wakapeana mikono, wakala halua na kahawa, na watoto wakadai mkono wao wa Idi, vijisenti vya sikukuu, wakimbilie uwanja wa Tibirinzi.

Nikasoma maktaba nipate asili yake, kumbe mambo yote yametoka posta. Zamani huku aliyeletewa barua ndiye aliyelipa, na kila inapotoka mbali bei inapanda. Mwaka 1840, kwa fikra ya Rowland Hill, ikaja stempu ya peni moja, barua ikaenda popote nchini. Henry Cole, aliyesaidia kuianzisha posta hiyo, akaelemewa na barua za marafiki za kujibu. Mwaka 1843 akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya Krismasi. Zikachapwa 1,000, nyengine zikauzwa shilingi moja moja, fedha ambayo masikini wa London asingeitoa kwa kipande cha karatasi. Kadi zilikuja kuenea hasa baada ya 1870, posta iliposhusha bei ya kadi mpaka nusu peni.

Kwetu posta haiji mlangoni. Hata bahasha hii itangoja kwenye sanduku la posta la skuli mpaka Ami akumbuke kulifungua. Lakini kadi si ngeni kwetu, Mama. Wewe na marehemu Baba mlikuwa mkinunua kadi za salamu za redioni, mnajaza majina ya ukoo mzima, halafu nyumba nzima inakaa kimya tukingoja mtangazaji atusome.

Hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, bibi mmoja ametimiza miaka 100. Huku mtu akifika umri huo hupelekewa kadi na Mfalme. Desturi hiyo ilianza kwa George V mwaka 1917, wakati ule ikiwa ni telegramu. Ile ya Mfalme aliwaonyesha wageni. Wageni walipoondoka akaniomba nimtolee kisanduku kilicho chini ya kitanda, nimsomee kadi za dada yake, aliyekwisha kufa zamani. Zimeandikwa mambo madogo tu: bustani, paka, mvua. Tumezisoma mpaka chai ikapoa.

Kadi ya msiba lakini siikubali kwetu, na nakuomba mtu yeyote aliyeko Pemba asithubutu kumpelekea mfiwa. Aende kuhani msibani, akae chini na wenzake, asome hitma. Alipokufa Babu wenzangu wa kazini waliniletea kadi, Mungu awalipe, waliniandikia maneno ya huruma. Nilichokitaka siku ile ni watu ukumbini.

Mimi ambaye miguu yangu haifiki ndiye ninayehitaji kadi. Picha za Idi za kwenye simu naletewa tele, ua lile lile kutoka kwa watu chungu nzima, na hamna hata moja yenye jina langu. Kwa hivyo ombi langu ni hili: mwambie Bibi aniandikie. Aandike Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kwa khati ile ile aliyokuwa akiwekea hesabu ya pishi za wachumaji wa karafuu. Nitaisoma, chuo cha Kurani sikwenda bure. Kadi ya dukani haina haja, ukurasa wa daftari unatosha. Anieleze mikarafuu ya shamba imezaa vipi, nani kaoa, nani hasemeshani na nani. Na asimwachie mjukuu amwandikie, hata mkono ukimtetemeka.

Anwani nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi. Mdogo wangu aipeleke posta mwenyewe, fedha za stempu nimemtumia kwa simu.

Nisalimie Ami, halati na majirani wote. Idi Mubarak, Mama. Naomba radhi zako.

Mwanao