Umri hauulizwi chuoni, unaulizwa kwingine

Mhariri,

Kila dirisha la udahili likikaribia kufunguliwa, swali kutoka kwa matabibu wenye stashahada, wa zahanati na vituo vya afya, ni lile lile: nina miaka 38, udaktari bado nitapokelewa? Naomba nafasi nilijibu, maana majibu ya vijiweni yamewapotezea wengi muda na ada za maombi.

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hauweki ukomo wa umri kwa shahada ya udaktari wa binadamu. Kwa mwenye Stashahada ya Utabibu unataka GPA isiyopungua 3.0 au wastani wa B, pamoja na walau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Watu husoma sharti la kwanza, wakafurahi, wakalipia maombi. La pili ndilo linalowaangusha, hasa Hisabati. Ukitaka kuingia chuo cha utabibu, ufaulu wa lazima ni wa Kemia, Biolojia na Fizikia; Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa sifa ya ziada tu. Kwa hiyo mtu amesoma miaka mitatu, ametibu watu miaka kumi, na ile F ya Hisabati imelala kabatini ikimsubiri.

F hiyo inatibika kwa kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila hesabu ya kalenda ni kali. Usajili wa Baraza la Mitihani hufanyika mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba, matokeo hutoka Januari. Ukiigundua F mwezi Julai, dirisha likiwa wazi, umekwisha kuchelewa mwaka huo. Kwa kawaida utaomba chuo baada ya miaka miwili. Ndiyo maana nasema cheti cha kidato cha nne kitolewe kabatini leo, kabla ya kitu kingine chochote.

Na D si mlima. Inaanzia alama 30. Karatasi ya Hisabati tuliyoizoea ina sehemu A yenye maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B yenye maswali 4 ya alama 10. Maswali matano ya sehemu A yakijibiwa sawasawa, D imepatikana. Mtu mzima mwenye muda wa saa moja tu wa kusoma jioni baada ya zamu ashike kwanza takwimu, seti, matriki na hesabu za biashara. Kikokotoo hakiruhusiwi chumbani, ni kitabu cha majedwali tu, na aliyezoea kupiga hesabu za dozi kwa simu ajizoeze mapema kuzidisha kwa kalamu.

Kuhusu GPA, inayotazamwa ni ya NTA ngazi ya 6, yaani ngazi ya stashahada yenyewe, inayohesabiwa kwa 5. Ngazi ya 4 na ya 5, za cheti, huhesabiwa kwa 4, na hapo ndipo mtu anapojivunia 3.4 ambayo haimsaidii. Tena 3.0 ni ya kuruhusiwa kuomba. Kupata nafasi ni ushindani, hivyo mwenye 3.1 asijaze chuo kimoja chenye foleni ndefu akalala.

Wauguzi na wataalamu wa maabara wajue kwamba sharti hilo linataja stashahada ya utabibu. Wao kwa kawaida njia yao ya udaktari ni kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), pointi zisizopungua 6. CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) haifai, kwa kuwa haina Fizikia. Anayerudi kufanya PCB kwa kujitegemea ahakikishe kituo anachojisajili kina maabara, kwa sababu masomo yote matatu yana mtihani wa vitendo.

Mwenye stashahada huombea chuo kwa namba ya uhakiki wa stashahada yake, yaani AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Hapa wanaokwama zaidi ni akina mama waliobadilisha jina baada ya ndoa: cheti cha sekondari kinasema hivi, cha chuo kinasema vile. Hati ya kubadili jina iandaliwe na kusajiliwa miezi kadhaa kabla, si wiki ya mwisho.

Sasa umri. Matangazo ya ajira serikalini humtaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini serikalini. Anayeanza na miaka 40 atasoma mitano, kisha utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini) miezi 12. Akiwa aliacha kazi ili akasome, anamaliza na 46 na mlango wa ajira ya kudumu umefungwa. Aliyepewa ruhusa ya masomo kwa maandishi anarudi kwa mwajiri wake na kuomba kubadilishiwa kada, ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa) na bajeti zikiruhusu. Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi hata kama mkurugenzi anakuzungusha. Omba jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri mwaka mmoja kabla. Kuondoka kimyakimya ni utoro, na utoro hufukuzisha.

Kwingine umri unakoulizwa ni Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Miongozo yake ya miaka ya karibuni inataka mwombaji asizidi miaka 35, awe amehitimu stashahada ndani ya miaka mitano, na asiwe na ajira rasmi. Sharti la ajira naliafiki. La miaka mitano sioni mantiki yake kwa tabibu: miaka aliyokaa zahanati akizalisha na kutibu malaria ndiyo inayomwondolea sifa, wakati aliyehitimu mwaka jana bila kushika mgonjwa anapita. Naiomba Bodi, itakapoandika mwongozo ujao, ihesabu miaka hiyo kuanzia siku ya mwisho ya utumishi, si siku ya mahafali.

Msomaji wenu,
Morogoro