Siku 90 za viza, msimu wa siku 130: tuzigawe vipi?

Kwako Mhariri, na kwa wasomaji wanaoijua michezo ya theluji,

Salamu kutoka Nairobi. Sisi ni wawili. Mmoja anapanga mazoezi, mwenzake anashughulikia safari na karatasi, na tunamsimamia kijana mmoja anayeshindana katika mbio za skii za nyika. Swali letu si la pesa, ingawa pesa nazo hazitoshi. Ni swali la kalenda, na tunalileta mapema kwa sababu maombi ya viza yakishawasilishwa tarehe hazibadilishwi kirahisi.

Mbio za kufungua msimu kule Muonio (Ufini), Gällivare (Uswidi) na Beitostølen (Norwe) huwa katikati ya Novemba, na pointi za kumpanga mwanariadha kwenye orodha ya kimataifa huendelea kutafutwa hadi wiki za mwisho za Machi. Hizo ni kama siku 130. Mwenye pasipoti ya Kenya huingia eneo la Schengen kwa viza, na viza ya muda mfupi haimpi zaidi ya siku 90 ndani ya siku zozote 180. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia. Ufini, Uswidi, Norwe, Estonia, Austria, Italia, Uswisi na Slovenia zote ziko kapu moja, kwa hiyo kuvuka kutoka Italia kwenda Uswisi hakusimamishi hesabu. Tunalitaja hili kwa kuwa karibu kila anayetushauri hudhani kila nchi ina siku 90 zake.

Tuna mipango miwili mezani, na wa tatu tunauogopa.

Mpango wa kwanza ni kwenda mara moja tu: kuingia 27 Novemba na kutoka 24 Februari. Hizo ni siku 90 kamili. Uzuri wake ni nauli moja, na theluji kila siku. Ubaya wake ni kwamba dirisha la kwanza la siku 180 linaisha 25 Mei, na kabla ya hapo hapati siku nyingine; atakaporuhusiwa, theluji itakuwa imeshakuwa maji ya mito. Mbio za kufungua msimu zinatupita, na Machi yote inapotea.

Mpango wa pili ni kugawa: 15 Novemba hadi 19 Desemba, siku 35, arudi Nairobi siku 21, kisha 10 Januari hadi 5 Machi, siku 55. Jumla ni 90 zilezile. Hapa viza lazima iwe ya kuingia mara nyingi. Ukipewa ya kuingia mara moja, mpango unafia uwanja wa ndege tarehe 19 Desemba, hata kama siku 55 bado zipo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ni euro 90, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Mwaliko wa mashindano wa kipindi cha pili tunataka kuuambatisha tangu mwanzo, ili afisa aone kwa nini kijana anatoka halafu anarudi.

Kwa karatasi pekee mpango wa pili unashinda. Kinachotutia shaka ni zile siku 21 za nyumbani, na hapa ndipo tunapohitaji wenye uzoefu.

Katika mtindo wa klasiki skii imepinda kama upinde. Katikati, chini ya kiatu, hupakwa nta ya kushika. Uzito ukiwa umegawanyika kwenye miguu miwili, sehemu hiyo hukaa juu juu na skii inateleza. Mwanariadha akihamisha uzito wote kwenye mguu mmoja na kukanyaga chini, kwa nguvu na kwa wakati, upinde unanyooka, nta inauma theluji, naye anapata pa kujisukumia. Skii ya magurudumu, ile anayofanyia mazoezi kwenye lami akiwa nyumbani, haina upinde huo. Ina gurudumu moja lenye beringi inayozunguka upande mmoja tu, kwa hiyo inashika hata ukichelewa kukanyaga, hata ukisukuma kwenda nyuma badala ya chini. Lami inasamehe kila kosa. Wiki tatu za lami zinatosha kumrudishia mguu uvivu, na akishuka kwenye theluji skii inamponyoka kila kilima. Tunakadiria siku nne hadi sita kabla mguu haujakumbuka. Zitoe hizo kwenye siku 55, ongeza siku za safari, uone kinachobaki.

Mtindo huru, ule wa kusukuma skii kando kama mtelezaji wa barafu, una tatizo lake. Gurudumu haliserereki kando, ilhali kwenye theluji ukingo wa skii huserereka kidogo na ndivyo mtu anavyojifunza kuuweka. Kwenye miteremko ndiyo hali mbaya zaidi, kwa sababu skii za magurudumu kwa kawaida hazina breki, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwachia kijana ashuke nazo kutoka Corner Baridi kuelekea Bonde la Ufa. Tunachofanya ni kupanda kutoka upande wa Kiserian kwa kusukuma na fimbo zote mbili, mapema kabla jua halijawaka, gari likifuata nyuma na taa zimewashwa, kisha anarudi chini ndani ya gari. Fimbo za lami zina ncha za kabaidi zinazohitaji kunolewa kwa tupa ya almasi, la sivyo zinateleza na bega linabeba mshtuko. Southern Bypass tumeiacha kwa sababu ya malori. Karura ni nzuri kwa kukimbia, lakini murramu inakula magurudumu. Jambo moja linatupa moyo: kipindi hicho ni Krismasi, watu wameenda ushago, na barabara za Nairobi hazipumui hivyo wakati mwingine wowote wa mwaka. (Watakaosema twende Panari: ule ni uwanja wa barafu, unawafaa wachezaji wa hoki wa Ice Lions. Barafu bapa haimfundishi mtu wa nyika chochote.)

Kuhusu hewa, wengi hutuambia kwamba kurudi Nairobi ni faida tupu kwa sababu ya mwinuko. Tunaomba tusidanganyane. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iten iko 2,400. Damu hujengeka vizuri zaidi huko juu, na tena kwa wiki kadhaa. Makocha wengi pia hukwepa kumwingiza mtu mashindanoni kati ya siku ya nne na ya kumi baada ya kushuka: ama akimbie mara tu anapofika, ama asubiri wiki mbili hivi. Kwetu sisi siku hizo mbaya zinaangukia palepale mguu unapokumbuka theluji, kwa hiyo huenda hasara mbili zikalipwa kwa siku zilezile. Tumewaza kumpeleka Iten kwa zile siku 21, lakini lami yenye nafasi ya magurudumu bila matuta na bila bodaboda ni kidogo huko, na kukimbia peke yake kunampa mapafu ambayo tayari anayo.

Mapafu hayajawahi kuwa ugonjwa wetu. Philip Boit, Mkenya mwenzetu na mkimbiaji wa mita 800, alimaliza wa mwisho katika kilomita 10 za klasiki kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, ambaye alibaki kumsubiri na kumkumbatia. Watu wanaikumbuka ile picha. Sisi tunakumbuka kwamba alikuwa na takriban miaka miwili tu ya theluji, akishindana na waliozaliwa humo.

Sasa pointi, maana ndizo zinazoamua kila kitu. Katika mbio za kuanza mmoja mmoja, pointi za FIS (shirikisho la kimataifa la skii) hupatikana hivi: gawanya muda wako kwa muda wa mshindi, toa moja, zidisha kwa 800. Mshindi akitumia dakika 26 na wetu 33, anapata pointi 215. Akitumia 32, anapata 185. Yaani kila dakika anayoipunguza inamshushia pointi 30 hivi, na pointi chache ndizo nzuri. Juu yake huongezwa adhabu ya mashindano, inayotegemea ubora wa waliomaliza mbele. Mbio dhaifu ina adhabu kubwa, kwa hiyo kukimbilia mbio ndogo ndogo si njia ya mkato kama wengi wanavyodhani. Orodha huchukua wastani wa matokeo matano bora ya miezi 12. Hatutafuti siku moja ya bahati; tunatafuta siku tano nzuri, na mbio za masafa huhesabiwa mbali na za kasi.

Siku tano nzuri zinategemea pia vifaa, na vifaa vinategemea mwezi. Novemba na Desemba kaskazini theluji ni kavu na baridi ni kali. Nta ngumu ya kijani au bluu inatosha, na kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri mahali penye baridi zaidi njiani mbio hazifanyiki. Januari kwenye Alps mara nyingi ni theluji ya mashine, yenye chembe kali zinazokwangua nta ya kushika kabla ya kilomita ya tano, hivyo lazima utangulize nta ya msingi na kuipiga pasi. Machi ni maji: hapo inatakiwa klista, ule ute unaonata kila mahali mpaka kwenye mlango wa gari. Timu kubwa zina lori zima la mafundi wa nta. Sisi tuna pasi moja na meza ya kukunja.

Tumepanga jozi nne: mtindo huru ya baridi, mtindo huru ya maji, klasiki ya nta, na klasiki yenye ngozi ya kushika chini badala ya nta, kwa siku za karibu na sifuri, ambazo ndizo zinazomuumiza mtu asiye na fundi. Kijana ana kilo 58. Skii za msaada tulizopewa zilikuwa za mtu wa kilo 75, na upinde wake haunyooki chini yake hata akikanyaga kwa ghadhabu. Ukiona mwanariadha mwepesi anateleza nyuma mlimani, pima upinde kabla ya kulaumu nta. Jambo jingine la kuangalia kwenye vifaa vya mkono wa pili ni kemikali ya florini. Tangu msimu wa 2023/24 FIS imepiga marufuku nta zenye florini, skii hupimwa kwa mashine, na brashi au pasi ya zamani inaweza kuambukiza jozi safi. Brashi za kupewa hatuzigusi tena. Dawa za kusafishia skii ni majimaji yanayowaka na haziruhusiwi kwenye ndege. Tunasafisha kwa kupaka nta laini, kuipiga pasi na kuikwangua ingali ya moto. Ndani ya mfuko wa skii, kati ya jozi, tunapanga pakiti za unga za kilo mbili. Zinalinda ncha, na wiki ya tano kijana akichoka mkate na jibini zinalinda mengine.

Mpango wa tatu, ule tunaouogopa, ni kuzitumia zile siku 21 nje ya Schengen lakini juu ya theluji: Bosnia, Serbia au Uturuki, ambako huwa kuna mbio za FIS na siku za huko hazitoki kwenye zile 90. Kwa mguu wake huo ndio mpango bora kuliko yote. Lakini kila nchi ina karatasi zake, theluji ya mwisho wa Desemba huko si ya kuaminika, na kijana atakuwa ametoka nyumbani siku 111 mfululizo. Hali ya kichwa nayo ni kifaa.

Kwa hiyo tunauliza. Waliowahi kumtoa mwanariadha kwenye theluji kwa wiki tatu katikati ya msimu, ilichukua siku ngapi mguu wa klasiki kurudi, na je, kuna zoezi la lami lililosaidia kweli? Tumesikia ya kuondoa ile beringi ya upande mmoja ili gurudumu lisishike kabisa, abaki kusukuma kwa fimbo tu. Linasaidia au linahamisha tatizo mabegani? Je, ni busara kuiacha Machi, wakati wapinzani wamechoka lakini nta ni ngumu kwetu, ili tupate siku 90 mfululizo? Na aliyepitia Balkan na pasipoti kama yetu kipindi cha Krismasi, theluji aliikuta?

Tunataka kuwasilisha maombi ya viza mwanzoni mwa Septemba. Jibu litakalotufikia Agosti litatusaidia zaidi ya lile refu la Oktoba.

Wenu,
Wasimamizi wawili, Nairobi