Mashine za plazima zichukue nafasi ya vyuma vya mionzi

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu hizi habari za visima vya mafuta kule Buliisa na Kikuube hapa Uganda, manake kila mtu anaongea bomba na pesa lakini sisikii mtu akiuliza vile vyuma vya mionzi ambavyo kawaida hushushwa kisimani kupima miamba vitaishia wapi. Vingi duniani ni mchanganyiko wa metali mbili, amerisiamu yenye mionzi na beriliamu, vinatoa nyutroni (chembe ndogo za ndani ya atomi) mchana na usiku, huwezi kuvizima, na hiyo amerisiamu-241 inachukua miaka kama 432 kupungua nusu tu! Kikiibwa njiani je? Kikikwama chini? Inaniuma sana, watoto wetu ndio watabaki hapa.

Sasa wanasayansi wanatengeneza vimashine vidogo vya plazima (gesi moto sana iliyochajiwa umeme), umeme unabana gesi ya dyuteriamu, yaani hidrojeni nzito, mpaka viini vya atomi zake vinaungana na nyutroni zinatoka, ukizima swichi zinakata palepale. Bei iko juu, na vipimo vya zamani lazima vilinganishwe upya, sikatai. Lakini Baraza la Nishati ya Atomiki, linalosimamia vitu vya mionzi nchini, liweke sharti, kampuni ikiomba leseni ya chuma cha mionzi ieleze kwanza kwa nini haiwezi kutumia mashine ya kuzimika, na Chuo Kikuu cha Makerere wapate moja ya kufundishia.

Msomaji, Hoima